Kumwaga maji ya bwawa la samaki bila pampu: funga saifoni ya bomba la PVC hatua kwa hatua

Mabwawa mengi ya samaki huku kwetu yamechimbwa kwa jembe na sururu, yakajazwa maji, vifaranga wakawekwa, afu ndo mwenyewe anakuja kukumbuka kwamba hajaweka njia ya kutolea maji. Siku ya kuvuna anakodi pampu, petroli yenyewe bei juu, pampu inanyonya matope inaziba kila baada ya muda mfupi, au anaita vijana na ndoo wanakomba kuanzia asubuhi mpaka giza. Wengine wanaamua kukata ukingo kabisa, na maji kweli yanatoka, ila ukingo ukishakatwa hata urudishie udongo vipi hauwi kama ulivyokuwa, masika yakifika unavujia palepale.

Kama bwawa lako liko kwenye mteremko, hata mteremko mdogo tu, huhitaji kukata kitu. Unachukua bomba, linapanda juu ya ukingo, linashuka upande wa pili, maji yanatoka yenyewe mchana na usiku bila tone la mafuta, hiyo ndo saifoni. Ni kanuni ileile ya dereva anayevuta dizeli kwenye tenki kwa kipande cha mpira, tofauti ni kwamba hapa bomba ni nene huwezi kulivuta kwa mdomo, na hata kwa mpira mwembamba usijaribu, maji ya bwawa yana mbolea ya kuku na wadudu wa kila aina.

Kabla hatujaanza shika jambo moja, maana ukilielewa hilo mengine yote utayajua hata bila kuambiwa: adui wa saifoni ni hewa. Kuanzia aina ya bomba, mahali pa kuweka koki, kina cha kuzamisha chujio, karibu kila kitu hapa chini sababu yake ni hewa, ama tunaizuia isiingie ama tunaiingiza makusudi pale tunapotaka maji yasimame.

Na kama ndo kwanza unachimba bwawa, acha kusoma hapa, laza bomba la inchi 4 chini ya ukingo kabla hujaujenga, upande wa ndani weka elbo (ungio la kona) isiyogundishwa na kipande cha bomba kilichosimama, ukikilaza maji yanatoka. Hiyo ni rahisi na inadumu kuliko saifoni yoyote. Saifoni ni ya sisi ambao bwawa tayari limejaa.

Hatua ya 1: Pima kama mteremko unatosha

Saifoni haijali bomba limepanda kiasi gani juu ya ukingo (kuna kikomo, nitakisema), inajali mdomo wa kutokea uko chini kiasi gani kuliko uso wa maji ya bwawa. Mdomo ukiwa chini ya uso wa maji, maji yanatoka. Uso wa maji ukishuka mpaka kulingana na mdomo, yanasimama. Kwahiyo kama unataka bwawa likauke kabisa, mdomo lazima uwe chini kuliko sakafu ya bwawa, sio chini kuliko ukingo, chini kuliko SAKAFU. Hapa ndo wengi wanakwama, wanaona maji yanatoka kwa kasi wanashangilia, yakifika nusu yanaganda.

Usipime kwa macho, macho yanadanganya sana kwenye mteremko. Tumia mpira wa levo wanaotumia mafundi ujenzi, ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani. Ujaze maji usiwe na povu la hewa hata moja ndani, mtu mmoja anashika ncha moja kwenye mti uliochomekwa pembeni ya bwawa, wewe unaenda na ncha nyingine kule unakotaka maji yatokee, unaishikisha kwenye mti mrefu. Maji kwenye ncha zote mbili yatakuwa usawa mmoja. Huyo wa bwawani anapandisha au kushusha ncha yake mpaka maji ya ndani ya mpira yalingane na uso wa bwawa, wewe unaweka alama kwenye mti wako, unapima kutoka alama mpaka chini ardhini. Umbali huo ndo nguvu yako yote. Tuseme umepata mita 2 na bwawa lina kina cha mita 1.2 pale penye kina kirefu, basi mdomo uko sentimita 80 chini ya sakafu, safi kabisa.

Kama umepata pungufu ya kina cha bwawa, una njia mbili. Sogeza mdomo mbali zaidi kufuata mteremko, au chimba mfereji mdogo uupeleke chini. Kwenye ardhi tambarare kabisa, kama mashamba ya bondeni ambako ukichimba futi tatu unakutana na maji, usipoteze hela yako, saifoni itakutolea maji ya juu tu, ya chini utarudi kwa pampu.

Kuhusu kikomo cha kupanda: maji yanapanda bomba kwa sababu hewa ya dunia inakandamiza uso wa bwawa, na hewa hiyo haiwezi kuyasukuma bila mwisho. Pwani kinadharia ni kama mita 10, na kila unapopanda mita 1,000 juu ya usawa wa bahari unapoteza kama mita 1, kwahiyo mtu wa Njombe ana kikomo kidogo kuliko wa Bagamoyo. Ila usiogope, kwa bwawa la samaki hatufiki huko. Ukingo ukiwa nusu mita juu ya maji na bwawa lina mita 1.2, siku linakaribia kukauka bomba litakuwa linanyanyua maji mita 1.7 tu. Popote Tanzania hiyo inawezekana. Ila kadiri unavyonyanyua juu ndivyo kila kitundu kidogo kwenye maungio kinavyonyonya hewa kwa nguvu zaidi, ndo maana saifoni mbovu inafanya kazi vizuri bwawa likiwa limejaa na inakufa likifika nusu.

Hatua ya 2: Chagua unene wa bomba

Hapa fanya hesabu kidogo. Bwawa la mita 10 kwa 20 lenye wastani wa kina cha mita 1 lina lita 200,000. Kwa bomba la urefu wa mita 12 hivi na tofauti ya urefu ya mita 1, makadirio yanakuja hivi: mpira wa bustani wa inchi 1 unatoa kama nusu lita kwa sekunde, bomba la inchi 2 lita 2 hadi 3, la inchi 3 lita 6 au 7, la inchi 4 lita 10 mpaka 14. Maana yake bwawa hilo kwa mpira wa inchi 1 utakaa zaidi ya siku nne, kwa inchi 2 ni kama masaa 22, kwa inchi 3 masaa 8 au 9, inchi 4 masaa 4 mpaka 6. Afu ongeza nusu ya muda huo, kwasababu maji yanavyopungua bwawani tofauti ya urefu inapungua na kasi inashuka. Mwenye bwawa kubwa, mfano yale ya mita 300 za mraba ambayo serikali ya Kenya iliwachimbia wakulima kwenye mpango wake wa 2009, azidishe kwa moja na nusu.

Watu wanadhani ukishusha mdomo chini sana utapata maji mengi mno. Sio hivyo. Ukiongeza tofauti ya urefu mara nne unapata maji mara mbili tu. Lakini ukitoka bomba la inchi 2 kwenda inchi 4 unapata karibu mara tano. Hela weka kwenye unene.

Mimi ushauri wangu kwa bwawa la kawaida: usinunue inchi 4, nunua mabomba mawili ya inchi 3 uyalaze sambamba. Kwa pamoja yanatoa sawa au zaidi ya inchi 4 moja, moja likigoma lingine linaendelea, na kubwa zaidi ni kwamba futivalvu (valvu ya mdomo wa bwawani, inaruhusu maji kuingia tu, hayarudi) na koki za inchi 2 na 3 zipo kila duka linalouza pampu za umwagiliaji wakati za inchi 4 utazitafuta na ukizipata bei yake utakaa chini. Kama unataka tu kubadilisha maji kidogo kidogo na sio kukausha, inchi 2 moja inakutosha.

Hatua ya 3: Vitu vya kununua

Bomba la PVC la presha, sio lile jepesi la maji machafu. Lile jepesi linaunganishwa kwa ringi ya mpira, na ringi ile imetengenezwa kuzuia maji yasitoke nje, haikutengenezwa kuzuia hewa isiingie ndani. Kwenye saifoni sehemu yote ya juu inavuta kuelekea ndani, kwahiyo ringi inapitisha hewa, unahangaika kutwa nzima hujui tatizo liko wapi. Chukua la PN6 (linalohimili presha ya baa 6) au zaidi, yanauzwa vipande vya mita 6, na maungio yake yote ya kugundisha.

Usitumie ule mpira bapa wa delivari, ule unaokunjwa kama mkanda. Ukianza kuvuta unajikunja wenyewe unajifunga. Mpira wa saksheni (wa kunyonyea) wenye springi ndani unafaa, unafaa sana hasa upande wa bwawani kwasababu unapindika, ila bei.

Vingine: elbo za nyuzi 45 nne kwa kila bomba (mbili kwenye kona ya kupanda, mbili kwenye kona ya kushuka, elbo moja ya nyuzi 90 inapunguza kasi zaidi kuliko mbili za 45), tii moja (ungio lenye umbo la T) ya kukaa juu kabisa, kifuniko chake cha kufungua na kufunga chenye nyuzi, futivalvu moja ya mwanzo, koki moja ya mwisho, gundi ya PVC kopo zima, msasa, thredi tepu, msumeno wa chuma, koki ndogo ya nusu inchi na mita chache za mpira wa nusu inchi (hivi viwili vina kazi yake, subiri), pamoja na kreti la plastiki na wavu wa chujio.

Hatua ya 4: Tengeneza chujio kubwa

Chujio dogo ndo linaua saifoni nyingi. Futivalvu huwa inakuja na kijichujio chake, hicho kinaziba kwa majani na magamba ndani ya muda mfupi, na samaki wadogo wanabanwa hapo wanakufa. Kanuni ni kwamba matundu yote ya chujio ukiyajumlisha yawe makubwa mara tatu au nne kuliko tundu la bomba lenyewe, maji yaingie taratibu pande zote.

Njia rahisi, chukua kreti la soda lililochakaa, au tenga la plastiki la nguo, ingiza mwisho wa bomba katikati yake, zungushia wavu nje, funga kwa kamba ya nailoni. Wavu wa matundu ya milimita 5 au 6 unatosha kama samaki ni wakubwa. Kama bwawa lina vifaranga tumia shedineti (ule wavu wa kivuli wa kwenye vitalu), ila jua itabidi uisafishe mara kwa mara. Weka mawe mawili matatu ndani ya kreti lizame na lisimame, na hakikisha mdomo wa bomba unabaki sentimita 15 mpaka 20 juu ya matope, vinginevyo unavuta tope badala ya maji.

Tenga hili pia ni usalama. Bomba la inchi 4 lenye tofauti ya urefu ya mita 1.5 likizibwa na kitu linakivuta kwa nguvu ya kama kilo 12. Mkono wa mtoto anayeogelea ukinasa hapo ni hatari. Watoto wasiwe bwawani saifoni ikiwa inafanya kazi, hilo halina mjadala.

Hatua ya 5: Kuunga

Kata bomba wima, msumeno usiende upande. Piga msasa ncha ya bomba na ndani ya soketi mpaka mng'ao utoke, futa vumbi kwa kitambaa kikavu, pakaa gundi pande zote mbili, sukuma mpaka mwisho huku unazungusha kidogo, shikilia kama nusu dakika. Gundi ijae mzunguko mzima, sehemu moja tu ikikosa gundi upana wa uzi hiyo ni njia ya hewa. Usiunge bomba likiwa na maji au mvua inanyesha. Acha likae mpaka kesho yake kabla ya kulijaza, najua una haraka lakini acha.

Mpangilio kutoka bwawani: kreti la chujio, futivalvu, bomba linapanda kufuata mteremko wa ndani, elbo mbili, kipande kifupi juu ya ukingo chenye tii inayoangalia juu, elbo mbili, bomba linashuka mpaka chini, koki, mdomo.

Koki iwe chini kabisa mwishoni. Nimeona mafundi wanaiweka juu ya ukingo eti ni rahisi kuifikia. Pale juu ndipo bomba linapovuta kwa nguvu kuliko sehemu yoyote, na shina la koki linavuja hewa, hata koki mpya. Ikiwa chini, maji yaliyomo ndani yanasukuma kwenda nje, shina likivuja linavuja maji ambayo unayaona, na hayakudhuru.

Kama futivalvu imekushinda bei unaweza kuziba mdomo wa bwawani kwa kifuniko cha PVC kisichogundishwa, ambacho utakitoa kwa mkono chini ya maji. Inafanya kazi vizuri tu, ila utaingia bwawani kila unapowasha, na sehemu zenye konokono wa kichocho sikushauri.

Hatua ya 6: Kulilaza

Tii ndo iwe sehemu ya juu kuliko zote. Kutoka kwenye tii, bomba literemke pande zote mbili bila kupanda tena popote. Likiwa na nundu ya pili huko njiani hewa itajificha hapo na hutaitoa. Bomba la inchi 3 likijaa lina zaidi ya kilo 4 za maji kila mita, la inchi 4 kama kilo 8, kwahiyo liegemeze kwenye nguzo zenye panda kila mita moja na nusu hivi lisipinde.

Juu ya ukingo chimba kijimfereji cha sentimita 15 au 20 bomba likae humo, lisiguswe na jua wala mbuzi. Usizidishe kina kwa tamaa ya kupunguza mnyanyuko, ukingo ndo unaoshika bwawa lako. Sehemu inayobaki juani ipakwe rangi nyeupe au ifunikwe kwa majani, PVC ikikaa juani miaka inakuwa kama biskuti.

Sasa vile vitu vya nusu inchi. Toboa kifuniko cha tii, funga koki ndogo ya nusu inchi kwa thredi tepu, halafu kwenye koki chomeka mpira wa nusu inchi unaorudi bwawani, ncha yake uifunge kwenye mti uliochomekwa majini kwa kiwango kile ambacho hutaki maji yashuke zaidi. Unataka kubadilisha robo ya maji tu? Funga ncha ya mpira robo ya kina kutoka juu. Maji yakishuka yakafika hapo, mpira unaanza kunyonya hewa badala ya maji, hewa inaingia juu ya tii, saifoni inakatika yenyewe. Unaweza kulala. Bila hicho kimpira watu wamewasha jioni wakitegemea kutoa maji kidogo, wameamka samaki wako kwenye tope.

Hatua ya 7: Jaribu kabla ya kuamini

Funga koki ya chini na ile ndogo ya juu. Fungua kifuniko cha tii, mimina maji kwa ndoo taratibu huku mwenzako anagonga bomba kwa mkono ili mapovu yapande. Bomba la inchi 3 lenye mita 12 linakula kama lita 50, yani ndoo mbili na nusu, la inchi 4 ni kama lita 100. Likijaa mpaka linafurika, acha wazi mpaka asubuhi. Asubuhi chungulia. Maji yako palepale, umefaulu. Yameshuka, tafuta palipolowa upande wa nje wa ukingo, kama pote pakavu basi futivalvu ndo inavujisha, mara nyingi ni jani dogo au kokoto imekaa kwenye mdomo wake.

Hatua ya 8: Kuwasha

Jaza mpaka maji yafurike kwenye tii, yasibaki hata povu moja, funga kifuniko kwa nguvu na thredi tepu ya kutosha. Kama ulitumia kifuniko badala ya futivalvu, KITOE SASA chini ya maji kabla ya kufungua koki, maana ukifungua koki kwanza kile kifuniko kitavutwa ndani kitang'ang'ania hutakitoa. Kisha nenda chini fungua koki yote kwa mara moja. Maji yatatoka kwa kishindo, yatachafuka kidogo, kisha yatatulia bomba likiwa limejaa. Rudi juu fungua ile koki ndogo ya mpira, itakohoa sekunde chache wakati hewa ya ndani ya mpira inapita, kisha kimya.

Sikiliza bomba juu ya ukingo. Saifoni nzima haina kelele hapo. Ukisikia gulugulu, kuna hewa inaingia. Kutafuta tundu kwa macho haiwezekani maana halivuji nje, kwahiyo chukua udongo wa mfinyanzi uliolowa, paka ungio moja, sikiliza, paka linalofuata, sikiliza. Pale kelele inaponyamaza ndipo penyewe. Udongo unaweza kukusogeza mpaka umalize kazi ya siku hiyo, ila bomba likikauka kata uunge upya.

Kama hakuna kelele ya juu ila maji yanatoka kwa kukatakata, angalia bwawani. Ukiona kimzunguko cha maji kinazunguka juu ya chujio kama kinachimba shimo, mdomo uko karibu sana na uso na unavuta hewa kupitia hapo. Uzamishe uwe na angalau sentimita 30 au 40 za maji juu yake, au mwishoni kabisa bwawa linapokaribia kukauka, punguza koki kasi ipungue, au tupia kipande cha ubao kielee juu ya chujio, kinavunja ule mzunguko. Maji yakipungua kidogo kidogo bila kukatakata, chujio limeziba, sugua.

Siku ya kuvuna

Panga hesabu ya masaa ili maji ya mwisho yaishe alfajiri au asubuhi mapema kukiwa na baridi, maana samaki wengi kwenye maji machache ya vuguvugu wanaishiwa hewa haraka sana, sato wanawahi kuishiwa kuliko kambare. Weka mpira wa nusu inchi usimamishe kwenye sentimita 40 za chini usiku, asubuhi na watu wako mkiwa na nyavu na ndoo tayari, funga koki ya mpira, jaza tena, washa umalizie huku mnavua. Bwawa ambalo sakafu yake ina mteremko kuelekea kwenye chujio linakauka lote, la tambarare litabakiwa na madimbwi, chimba kijishimo pale palipo na kreti maji na samaki vijikusanye hapo.

Faida nyingine ambayo watu hawaitumii: sio lazima usubiri kuvuna. Maji mabaya ya bwawa yako chini, kule kwenye mabaki ya chakula na kinyesi, ile harufu ya yai bovu inatoka huko. Bomba la kufurikia la juu linatoa maji mazuri linaacha mabaya. Saifoni inatoa ya chini. Ukitoa sehemu ya kumi au ya tano ya maji ya chini kila samaki wanapoanza kuja juu kutafuta hewa asubuhi, kisha ukajazia mapya, utaona tofauti.

Wanaotaka isizidi kiwango wakati wa masika

Kuna ufungaji mwingine ambao saifoni inajiwasha yenyewe. Badala ya mdomo kuachwa wazi, unauzamisha ndani ya pipa lililowekwa upande wa nje, na ukingo wa pipa unaupima kwa mpira wa levo uwe sawasawa na kiwango unachotaka bwawani. Koki inabaki wazi, mpira wa nusu inchi unaufunga. Bwawa likizidi, maji yanafurika pipani, bwawa likirudi kiwango chake maji yanasimama lakini bomba linabaki limejaa, mvua ikija tena linaanza lenyewe. Tatizo lake ni kwamba maji yana hewa ndani yake ambayo taratibu inajikusanya juu kwenye tii, kwahiyo kila wiki funga koki ya chini, fungua kifuniko, jazia. Na isichukue nafasi ya njia ya dharura ya kupitishia mafuriko kwenye ukingo. Tofauti ya urefu hapa ni sentimita chache, kasi yake ni ndogo, mvua ya El Niño haitaisubiri.

Maji yanaenda wapi

Mdomo ukielekezwa kwenye udongo mtupu, kwa kasi ile litachimbika shimo na baada ya muda shimo litapanda kuelekea kwenye ukingo wako. Weka mawe makubwa au magunia ya mchanga maji yaangukie hapo, kisha mfereji. Kama una mchicha, nyanya au migomba chini ya bwawa elekeza huko, maji haya yana mbolea tayari. Kwa jirani usiyaelekeze bila kuongea naye. Mtoni pia sio pa kumwaga ovyo, sato wakitoroka wanazaliana na kusumbua samaki wa asili wa mto, kwahiyo wavu wa pili mdomoni kwa nje ni muhimu kama kuna mto karibu. Na kwa upande wa sheria, Tanzania anayechota maji mtoni kujaza bwawa anatakiwa awe na kibali kutoka Bodi ya Maji ya Bonde, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka mtoni au ziwani, kwahiyo kama bwawa lako limeingia humo uliza mapema ofisi ya bonde kabla hujaanza kumimina maji machafu mbele ya watu.

Ukimaliza, fungua kifuniko cha tii maji yote yatoke, vuta kreti nje, lisugue na lianike, futivalvu iwekwe ndani ya nyumba. Bomba la juu ya ukingo liache palepale, liweke tu kifuniko panya wasijenge humo, na bwawa liache likauke mpaka udongo upasuke ndo umwage chokaa.